Maneno ya Ualimu: Historia Fupi ya Istilahi za Soshiolojia ya Elimu, Kutoka Gulwe Hadi Chuo Kikuu

Utangulizi

Gulwe ni kituo cha reli katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Haikupita katika mji wa Mpwapwa wenyewe, na kwa hiyo Gulwe ikawa mlango wa mji huo. Mpwapwa ina chuo cha ualimu ambacho ni miongoni mwa vyuo vikongwe nchini. Kwa muda mrefu, mwanachuo aliyesafiri kwa gari moshi kwenda kusomea ualimu huko alishuka Gulwe. Hata reli mpya ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ina kituo chake hapo.

Tumeichagua Gulwe iwe mahali pa kusimama tunapoitazama historia ya maneno ya elimu, kwa kuwa katika sehemu kama hiyo hukutana watu watatu: mtoto wa Kigogo anayekwenda shule, mwalimu aliyepelekwa kutoka mbali, na mtaalamu wa Chuo Kikuu anayekuja na maswali yake. Kila mmoja wao ana maneno yake. Mtoto ana maneno ya nyumbani, mwalimu ana maneno ya Wizara, na mtaalamu ana maneno ya taaluma yake, ambayo mengi hajapata kuyasema kwa Kiswahili. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha maneno hayo yalitoka wapi, yamebeba fikra gani, na kwa nini uchaguzi wake si jambo dogo kwa mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali.

Mwalimu, shule na chuo

Neno *mwalimu* tulilipata kutoka Kiarabu, pamoja na *elimu* na *taaluma*, ambayo yote yana mzizi mmoja wenye maana ya kujua. Pwani, mwalimu alikuwa kwanza yule aliyefundisha Kurani, na mahali alipofundishia paliitwa *chuo*. Chuo lilikuwa pia jina la kitabu. Kwa hiyo *mwana wa chuo* alikuwa mtoto mdogo anayeanza kusoma herufi. Leo *mwanachuo* ni mtu mzima aliyekwisha kumaliza shule. Neno limepanda cheo, nalo *madrasa* limechukua nafasi iliyoachwa wazi.

*Shule* ni neno la Kijerumani. Serikali ya Wajerumani ilifungua shule yake Tanga mwaka 1892, na kusudi lake kubwa lilikuwa kupata makarani, wakalimani na watumishi wa utawala. Wazanzibari, ambao hawakutawaliwa na Wajerumani, walichukua *skuli* kutoka Kiingereza. Tofauti hii ya neno moja ni historia nzima ya ukoloni kwa ufupi, na yafaa mwalimu aieleze darasani badala ya kuhangaika kuamua lipi ni sahihi. Yote mawili ni sahihi kwao wenyewe.

Mpwapwa ilipata habari za kusoma kwa njia nyingine tena. Wamisionari wa Kianglikana walifika huko mwaka 1876, wakaweka kituo cha kudumu miaka miwili baadaye. Katika misheni nyingi za Afrika Mashariki, na hasa Buganda, *kusoma* kulikuwa karibu sawa na kuingia dini, na msomaji alikuwa mtu wa kanisa. Kutokana na kitenzi hichohicho tumepata *msomi*, ambalo sasa lina maana ya mtu mwenye elimu ya juu, na mara nyingine hutamkwa kwa kejeli: msomi ni yule asiyeshika jembe. Kejeli hiyo nayo ni habari ya kijamii. Inatuambia jinsi wananchi walivyoiona elimu ikiwaondoa watoto wao kijijini bila ya kuwarudisha.

Chini ya maneno hayo ya kigeni kuna tabaka la zamani zaidi, yaani mzizi wa *funda*. Kufunda ni kumfunza mwari mambo ya utu uzima. Kutoka hapo tunapata *funza, fundisha, mafunzo, mwanafunzi* na *mkufunzi*. Wagogo, kama makabila mengine mengi, walikuwa na jando na mafundisho yake kabla ya shule yoyote kujengwa. Basi mtu anaposema kwamba elimu ililetwa na wageni, lugha yenyewe inamsuta: tumekopa jina la mwalimu, lakini jina la mwanafunzi ni letu.

Ngazi ya majina

Mfumo wa elimu ulipokua, haja ya kutofautisha vyeo nayo ilikua. Yule afundishaye shuleni akabaki kuwa *mwalimu*. Yule afundishaye walimu, kama wale wa Mpwapwa, akaitwa *mkufunzi*. Yule wa Chuo Kikuu akaitwa *mhadhiri*, na juu yake ikapangwa ngazi: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa.

Kiistilahi, kazi hiyo ilifanywa vizuri: kila cheo kina jina lake na hakuna jina linalogongana na jingine. Lakini soshiolojia ya elimu hutuuliza swali la pili: ngazi hii inapanga nini? Inapanga umbali kutoka kwa mtoto. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo anavyozidi kuwa mbali na darasa la kwanza, na ndivyo heshima na malipo yanavyoongezeka. Jambo la ajabu ni kwamba taifa letu lilimpa mkuu wake wa kwanza jina la daraja ya chini kabisa katika ngazi hiyo. Julius Nyerere aliitwa Mwalimu, na hakuna aliyeona kwamba amepunguziwa heshima. Neno moja linaweza kuwa na hadhi kubwa katika siasa na mshahara mdogo katika utumishi.

Soshiolojia ya elimu na jina lake

Taaluma tunayoizungumzia huchunguza uhusiano baina ya shule na jamii: nani anapata elimu, nani anaikosa, shule inafundisha nini zaidi ya kilichoandikwa, na mwalimu ni mtu wa namna gani katika jamii yake. Huko Ulaya ilipata msingi kwa Émile Durkheim, ambaye mihadhara yake juu ya elimu na soshiolojia ilitolewa kitabu mwaka 1922, baada ya kifo chake. Katika Marekani, Willard Waller aliandika mwaka 1932 juu ya soshiolojia ya kazi ya kufundisha.

Kwa Kiswahili, taaluma yenyewe imeitwa *soshiolojia* na wengine, *elimujamii* na wengine. Sisi tunaona kwamba neno la pili, ingawa ni la kwetu zaidi, lina taabu mbili. Kwanza, linakaribiana mno na *Maarifa ya Jamii*, ambalo limekuwa jina la somo la shule ya msingi. Pili, mtu akitaka kutaja tawi letu hulazimika kusema *elimujamii ya elimu*, na msikilizaji hubaki akijiuliza elimu ipi ni ipi. Taabu hii inatokana na neno *elimu* lenyewe, ambalo kwetu lina maana mbili: maarifa aliyo nayo mtu, na mpango wa kuwafunza watu. Mfasiri asipoangalia atachanganya soshiolojia ya elimu na soshiolojia ya maarifa, ambayo ni tawi jingine kabisa. Kwa hiyo tunaafiki *soshiolojia ya elimu* kwa tawi la kwanza, na *soshiolojia ya maarifa* kwa la pili.

Yako maneno mengine yanayohitaji uangalifu wa namna hiyo. Basil Bernstein wa Uingereza (1924–2000) alieleza kwamba watoto wa matabaka mbalimbali huja shuleni na namna mbalimbali za kutumia lugha. Namna hizo zinaweza kuitwa *misimbo*. Tukisema *msimbo finyu* na *msimbo mpana*, msomaji atadhani kwamba mtoto mwenye msimbo finyu ana akili finyu, na hilo ndilo kosa ambalo Bernstein mwenyewe alilipinga alipolaumiwa. Mtoto wa Gulwe aliyelelewa kwa Kigogo, akafundishwa kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, kisha akakabiliwa na Kiingereza kidato cha kwanza, hana upungufu wa lugha. Ana lugha nyingi kuliko shule inavyotaka kuzihesabu.

Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, katika kitabu chao cha mwaka 1970, walionyesha jinsi shule inavyorithisha hadhi za wazazi kwa watoto huku ikionekana kumpima kila mmoja kwa haki. Istilahi ya Bourdieu inayojulikana zaidi yaweza kufasiriwa *mtaji wa kiutamaduni*. Hii ni tafsiri iliyobahatika, kwa kuwa kila mwananchi ajua mtaji ni nini: ni kile ambacho bila yake huwezi kuanza biashara hata ukiwa hodari.

Maisha ya msomi

Taaluma haikui bila watu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, ndicho kilichowalea wataalamu wa kwanza wa fani hii nchini. Hapa tutataja wawili, kwa sababu maandiko yao yanafahamika.

Marjorie Mbilinyi, aliyezaliwa Marekani na kuwa raia wa Tanzania, alitoa kitabu juu ya elimu ya wasichana nchini mwaka 1969. Katika tasnifu yake ya uzamivu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alichunguza jinsi wazazi wa vijijini wanavyoamua nani apelekwe shule. Swali hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Kabla yake ilikuwa rahisi kusema kwamba mzazi asiyempeleka binti shule ni mjinga au ameshikwa na mila. Kuuliza *ameamuaje* ni kukubali kwamba ana sababu, na kwamba sababu hizo zinahusu kazi, mapato na mgawanyo wa majukumu nyumbani. Abel Ishumi, profesa wa elimu katika chuo hichohicho, aliandika juu ya elimu na maendeleo, na mwaka 1984 kikatoka kitabu chake juu ya watu wasio na kazi katika miji ya Afrika Mashariki, akilitazama suala la vijana wanaokwenda mjini wakitafuta kazi wasizozipata.

Kazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza. Hatusemi hivyo kwa kulaumu. Mhadhiri hupanda ngazi kwa maandishi yanayosomwa na wenzake duniani, na ngazi hiyo ndiyo riziki yake. Lakini tazama matokeo yake. Mtafiti huja kijijini, huuliza kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kiswahili, kisha huandika kwa lugha ambayo waliomjibu hawaisomi. Mwalimu aliyetoa habari hapati kuziona zilivyofasiriwa, wala hapati nafasi ya kusema, "Sivyo nilivyokusudia." Deni hilo haliwezi kulipwa bila istilahi.

Kwamba linaweza kulipwa, ushahidi upo. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu, iliyoanzishwa mwaka 1970, imefundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili tangu mwanzo, na istilahi zake zimekomaa kwa kutumiwa. Vilevile Mbilinyi alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mtandao wa Jinsia Tanzania mwaka 1993, nao mtandao huo umechangia sana kulieneza neno *jinsia* kwa maana ya uhusiano wa kijamii baina ya wanawake na wanaume, tofauti na *jinsi*, ambayo ni hali ya maumbile. Umeeneza pia neno *uraghbishi*, lenye mzizi wa Kiarabu wa kutamanisha, kwa maana ya kuwaamsha wananchi wachambue hali yao wenyewe. Maneno hayo hayakushinda kwa kuwekwa katika orodha. Yalishinda kwa sababu watu walikutana, wakayatumia, wakayapinga na kuyazoea. Naye Mathias Mnyampala (1917–1969), mwana wa Dodoma, alifanikiwa kwa njia hiyo alipoanzisha *ngonjera*: shule ziliipokea, na leo hakuna mwanafunzi asiyejua maana yake.

Mtoro, mdondoko na aliyekwenda kuhemea

Sasa tufike penye uzito zaidi. Mtoto anapokoma kuja shule kabla ya kumaliza, tunamwitaje?

Neno la zamani ni *mtoro*. Mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake, au askari aliyekiacha kikosi. Neno hili limekwisha kuhukumu: aliyeondoka ndiye mkosaji, na kilichobaki ni kumsaka. Neno la takwimu ni *mdondoko*. Kitu hudondoka chenyewe, kama tunda kutoka mtini. Hapa hakuna mkosaji, lakini hakuna sababu pia. Neno la kawaida ni *kuacha shule*, ambalo humfanya mtoto kuwa mtendaji aliyechagua. Na liko *kuachishwa*, ambalo hutulazimisha kuuliza: na nani?

Katika nyanda kavu za Ugogo swali hili si la kinadharia. Mvua ni za msimu mmoja nazo hazitabiriki. Wazee walisimulia njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliyofuata baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua chakula, mifugo na wapagazi. Kiswahili kina neno maalumu kwa mwendo wa kutoka nyumbani kwenda kutafuta chakula wakati wa njaa: *kuhemea*. Mtoto aliyefuatana na wazazi wake kuhemea, au aliyechunga ng'ombe wa baba yake mbali na kijiji wakati wa kiangazi, ataandikwa nini katika daftari la mahudhurio? Akiandikwa mtoro, afisa elimu atapeleka mgambo. Akiandikwa kwa sababu yake halisi, huenda afisa huyo akafikiria chakula cha mchana shuleni. Neno moja katika safu moja ya daftari linaweza kuamua ni msaada au ni adhabu itakayofuata.

Kwa wasichana uzito ulizidi. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa, na katika takwimu aliingizwa miongoni mwa walioacha, kana kwamba ameamua mwenyewe. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wa namna hiyo wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Tangazo hilo lilibadili utaratibu. Sasa ni juu yetu kubadili lugha. Aliyefukuzwa hakuacha.

Wito, kazi au taaluma

Maneno yanayomhusu mwalimu mwenyewe nayo yana historia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto apate nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Vyuo kama Mpwapwa havikuweza kutoa walimu wote waliohitajika. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa palepale vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa kufundisha huku wakisimamiwa na walimu wazoefu. Hao waliitwa *walimu wa UPE*, na watani wakazifasiri herufi hizo kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Katika miaka ya 2000, mafunzo yalipofupishwa tena kwa ajili ya upanuzi wa shule za sekondari, walimu wapya walibandikwa jina la Vodafasta, kwa kufananishwa na huduma ya haraka ya kampuni ya simu. Utani huo uliwaangukia walimu, hali haraka haikuwa yao. Bila wao, watoto wengi wa vijijini wasingalijua kusoma.

Kwa upande wa pili kuna msemo kwamba ualimu ni *wito*. Neno hili tukufu limetoka katika lugha ya dini. Lakini aliyeitwa hadai, na kwa hiyo wito umetumiwa mara nyingi kumnyamazisha mwalimu anapouliza mshahara au nyumba. Mwaka 2012 walimu walipogoma, mabishano yote yalikuwa, kwa hakika, baina ya *wito* na *ajira*. Neno la tatu ni *taaluma*, nalo lilipata nguvu ya kisheria mwaka 2018 Bunge lilipopitisha sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu. Mwenye taaluma ana ujuzi maalumu, ana maadili yake, na ana haki ya kusikilizwa katika jambo analolijua. Hapo ndipo tungependa mwalimu wa Gulwe asimame.

Hitimisho

Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na miongoni mwa hoja zilizosikika mara kwa mara ni kwamba istilahi hazijatosha. Historia tuliyoieleza yaonyesha kwamba hoja hiyo imesimama kichwa chini. Istilahi hutosha zinapotumika, wala hazingoji kutosha ndipo zitumike.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne kwa wasomaji wetu:

1. *Kukatika kwa masomo* liwe jina la jumla katika takwimu, kwa kuwa halitangulizi hukumu. Chini yake yatofautishwe *kuacha*, *kuachishwa* na *utoro*, na sababu iandikwe.

2. *Soshiolojia ya elimu* na *soshiolojia ya maarifa* zitenganishwe daima katika tafsiri.

3. Mafunzo yasiyotajwa katika muhtasari ambayo mtoto huyapata kwa kuishi shuleni, kama vile nani hufagia na nani hushika ufunguo, yaitwe *mtaala usioandikwa*. Tukisema *mtaala wa siri* tutadhani kuna aliyeuficha.

4. Kila tasnifu juu ya shule zetu iambatane na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa chache, utakaopelekwa katika shule zilizochunguzwa.

Pendekezo la nne ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo litakalozaa istilahi nyingi kuliko kikao chochote. Mtaalamu atakayelazimika kumweleza mwalimu mkuu wa Gulwe, kwa ukurasa mmoja, alichokigundua katika shule yake, atayatafuta maneno mpaka ayapate. Na mwalimu mkuu atamrudishia yale yasiyofaa.